Kitambaa Kilitoka Cheupe

Huku mjini, mtaani Majengo, wanasema nzi alitua kwenye uso uliotengenezwa na Oliva, mpambaji wa maharusi, akateleza, akavunjika kiuno, na mpaka leo anatembelea mkongojo huko kwenye mabucha ya soko kuu. Anayebisha na aende akamtafute. Wanasema pia kwamba bibi harusi mmoja alinyeshewa mvua ya Machi kutoka kanisani mpaka ukumbini, gari likazama kwenye tope, wasimamizi wakashuka kusukuma, wakashindwa, bibi harusi mwenyewe akashuka na shela lake akatia bega. Tope likamrukia mpaka masikioni. Walipofika wakamfuta kwa kanga iliyoloweshwa, na chini ya tope ukatokea uso uleule wa asubuhi, laini kama ganda la yai, kana kwamba mvua ilinyesha kwa jirani.

Oliva akisikia hadithi hizo hazikanushi. Anasema tu kwamba nzi hakuwa mmoja.

Chumba chake kiko nyuma ya duka la mbolea. Ukiingia unapokelewa na harufu ya yuria upande mmoja na ya poda upande wa pili, na hujui kama umekuja kupendeza au kupandia mahindi. Ana kioo kirefu chenye ufa pembeni, rafu ya vichupa, na kiti cha kinyozi alichouziwa na mjane wa kinyozi, kile cha kuzunguka, kinacholia kama kuku anayetaga kila mtu anapokaa. Yeye mwenyewe ni mfupi, mabega mapana ya mtu aliyekua na jembe. Mikono yake ni mikubwa, ukiiona utasema ni ya kupukuchulia magunia ya mahindi, lakini ikishika sponji inakuwa nyepesi kama ya mwizi wa mayai. Na ana kauli yake moja ambayo kila mteja huambiwa kabla hajafumba macho: uso akiutengeneza yeye, hautoki mpaka mwenye uso aseme utoke. Si jasho, si mvua, si machozi, si mama mkwe.

Kauli hiyo haikuzaliwa saluni. Ilizaliwa kijijini Mpitimbi, siku Oliva alipokuwa bibi harusi mwenyewe.

Ukoo wao una jambo lao ambalo koo nyingine za pale hazina, na ukiwauliza majirani watakucheka. Asubuhi ya ndoa, kabla binti hajavuka kizingiti cha kwao kwenda kanisani, anakalishwa kwenye mkeka uani. Wanawake wanamwimbia nyimbo za kumuaga, zile za kumkumbusha mama, na maziwa, na njia ya kisimani. Kisha shangazi mkubwa wa ukoo anapiga magoti mbele yake, anamfuta uso kwa kitambaa cheupe, anasimama, anakiinua juu ili watu wote wakione. Kikitoka na alama ya machozi, binti amewalilia wazazi wake na anatolewa kwa heri. Kikitoka bila alama, hakulia. Na asiyelilia kwao, walisema wazee, hata huko aendako nyumba yake haitakaa.

Shangazi mkubwa alikuwa Walburga, dada wa baba yake Oliva. Mama mrefu, mkavu, mwenye shingo ya kutazamia mbali. Walisema Walburga akipiga chafya Mpitimbi, mbuzi wa Ruhuwiko wanasimama kumwamkia. Kitambaa alikitunza mwenyewe, sandukuni, katikati ya vipande vya sabuni, na hakuna aliyeruhusiwa hata kukifua.

Siku yake Oliva hakulia. Alijaribu kidogo, kwa adabu, ikashindikana. Alikuwa anakwenda kwa Edmund, fundi baiskeli aliyejua kumchekesha mpaka akashika mbavu, na kila wimbo wa huzuni ulipopandishwa yeye alimkumbuka Edmund akiigiza namna katekista anavyotafuta miwani yake iliyo puani, akauma midomo asije akaangua kicheko mkekani. Walburga akafuta. Akainua. Kitambaa kilikuwa kikavu kama kilivyotoka sandukuni. Hakusema mengi, alisema maneno mawili tu, na yakamganda Oliva kama utomvu wa fenesi: Macho Makavu.

Edmund alikaa naye misimu kadhaa ya mavuno, kisha akaenda Tunduru kutafuta mawe ya thamani. Jiwe alilipata, lenye miguu miwili na kilemba, akalioa hukohuko. Hapo ukoo mzima ukapumua. Si tuliambiwa? Kitambaa kilisema. Hakuna aliyesema kwamba Edmund ni mhuni. Kitambaa ndicho kilichoulizwa na kitambaa ndicho kilichojibu. Oliva akafunga virago vyake akaja mjini, na hata siku hiyo ya kuondoka hakutoa chozi, maana aliona akilia sasa itakuwa kama anakiomba kitambaa msamaha.

Alianza kwa kufagia nywele kwenye saluni ya watu. Alipopewa uso wa kwanza wa kupaka, alipaka rangi ya nchi ya mbali, akamtoa dada wa watu amefanana na mtu aliyechomolewa kwenye gunia la unga. Bwana harusi, wanasema, alimpita mlangoni akaenda kuuliza ndani bibi harusi yuko wapi. Uso wa pili aliupaka mnene ili udumu. Ukadumu mpaka katikati ya misa, kisha ukapasuka mstari kwa mstari kama tope la bondeni mwezi wa Oktoba. Watu walicheka. Mwenye saluni alimwambia arudi kwenye ufagio.

Alirudi kwenye ufagio, na hapo ufagioni ndipo akamkumbuka bibi yake mzaa mama akisiriba nyumba. Bibi hakutupa udongo wote ukutani kwa mkupuo. Aliusugua ukuta kwanza, akaunyunyizia maji, akaupa muda wa kunywa. Kisha udongo mwembamba. Akaenda kupika. Akarudi, mwingine mwembamba. Mtoto akimwambia aharakishe, alijibu kwamba ukuta unaopakwa nene unajipenda wenyewe, unapasuka kwa majivuno. Oliva akaweka ufagio chini akaenda kuomba uso wa tatu.

Tangu hapo ndivyo anavyofanya mpaka leo. Upakaji huo yeye anauita msingi. Uso unaoshwa, unapakwa mafuta mepesi, unaachwa unywe. Mteja akiuliza tunasubiri nini, anaambiwa tunausubiri uso. Halafu praima kidogo, ile ya kushikisha rangi, pale tu panapotoa mafuta, puani na kwenye paji. Halafu fandesheni, rangi yenyewe ya ngozi, na hiyo hachukui chupa moja akamwaga; anachanganya mbili tatu nyuma ya kiganja chake, anaenda nayo mlangoni kwenye jua, anaiweka chini ya taya la mteja, mpaka ipotee. Isipopotea si yako. Kisha anaipigapiga kwa sponji yenye unyevu, hasugui, anapiga kama anayebembeleza mtoto wa mtu asiyempenda, tabaka jembamba, anapumzika, jingine jembamba. Mwisho poda inayokandamizwa kwa kibonge cha pamba chini ya macho, na spreyi ya kufungia, na mteja anakatazwa kuongea, jambo ambalo ndilo gumu kuliko yote.

Sasa, wakati Oliva anajifunza hayo mjini, kule kwenye ukoo kitambaa nacho kilikuwa kinajifunza mambo yake.

Zamani kilitoka kimelowa. Mtu wa mbele alikiona kimelowa, wa nyuma aliambiwa. Kisha mabinti wakaanza kupakwa kabla ya kukaa mkekani, kwa zile rangi za haraka, na Walburga alipofuta, kitambaa kikatoka kahawia na mstari mweusi wa wanja. Alipokiinua, watu walishangilia mpaka wa barabarani wakasimama. Hapo palionekana. Hata aliyekaa nyuma ya sufuria za pilau aliona. Walburga akapenda. Harusi iliyofuata kikatoka kahawia zaidi, na watu wakasema huyu kawalilia wazazi kuliko yule. Taratibu, bila mtu kutangaza, watu wakasahau maji wakabaki na rangi. Alikuwepo binti mmoja aliyekaa mkekani akipiga miayo waziwazi, lakini alikuwa kapakwa nene kama mkate wa siagi. Kitambaa chake kilitoka kama kimedumbukizwa kwenye chai, na mpaka leo anasifiwa kwa huruma.

Oliva aliyasikia haya akiwa Majengo, akatikisa kichwa, akaendelea na kazi. Harusi za ukoo hakuwa anaitwa. Nani amwite Macho Makavu kwenye mkeka?

Mpaka alipokuja Lightness.

Lightness ni binti wa Fulgence, na Fulgence ni mtoto wa baba mkubwa wa Oliva, kwa hiyo Lightness anamwita Oliva shangazi. Wanakaa Ruhuwiko. Alikuwa anaolewa na Valence, kijana wa Namtumbo, wa watu wanaolima tumbaku. Na kama kuna mtu aliyejaaliwa machozi hapa duniani, ni yule mtoto. Alililia mbuzi wa Krismasi. Alililia mtihani aliofaulu. Walisema mama yake hakuwahi kumwagilia mchicha. Alimkalisha bustanini akamsimulia habari ya yatima. Aliingia chumbani kwa Oliva akiwa analia, akakaa kwenye kiti cha kuku, kikalia naye.

Alichotaka kilikuwa rahisi. Alitaka uso usiotoka. Alijua siku yake atalia nyumbani, atalia kanisani, atalia kwenye keki, na hakutaka kufika kwa watu wa Namtumbo ana mistari kama punda milia. Baba yake alikuwa amemkataza kuja kwa Oliva. Amekuja.

Kabla Oliva hajajibu vizuri, habari zilishafika Mpitimbi, na kesho yake Walburga alishuka kwenye bodaboda mbele ya duka la mbolea, kakaa upande, mgongo umenyooka, dereva kanyamaza kama aliyebeba sanduku la sadaka. Oliva akampa shikamoo. Marahaba ikaja taratibu, kama mtu anayelipishwa. Kiti alikikataa. Alisimama akavitazama vichupa kwenye rafu, kimoja kimoja.

"Nasikia mtoto wa Fulgence unamtengeneza wewe."

"Amekuja mwenyewe, shangazi."

"Sawa. Mtengeneze." Akajigusa chini ya jicho. "Lakini hapa usikaze. Hapa paache patoke."

"Patoke kwa nini?"

"Kitambaa kipate kusema."

"Kitasema, shangazi. Huyu mtoto machozi anayo ya kuuzia kata nzima."

"Machozi hayaonekani kutoka mwisho wa turubai," alisema Walburga.

Oliva alimtazama. Kumbe anajua. Anajua vizuri kabisa kwamba kitambaa kimeacha kusema machozi siku nyingi, na hana neno, maadamu watu wanashangilia.

"Basi wa mwisho wa turubai na wasogee mbele," Oliva akasema. "Mimi sipaki uso wa kutoka."

Walburga hakupandisha sauti. Alijifunga kanga vizuri, akaelekea mlangoni, na pale mlangoni akageuka. "Utamrithisha mtoto jina lako. Watu wa Namtumbo watakuwepo. Litafika kwao kabla yake."

Hilo lilimchoma, hakuna haja ya kuficha. Yeye jina lile alishalizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Lakini mtoto yule, na machozi yote yale, aende kuanza maisha ugenini akiitwa Macho Makavu, kila chungu kikivunjika wakwe wanatazamana? Akamwita Lightness akamweleza yote bila kuzunguka: bibi yako Walburga kasema hivi, na kitambaa sasa kinataka rangi. Wako wapambaji wengine Majengo, wanapaka ya kutoka, nenda kwao, mimi sitanuna.

Lightness alilia, bila shaka. Alilia, akapenga kamasi, akafikiri.

"Shangazi, wewe ulipofutwa, machozi hayakuwepo," alisema. "Mimi yatakuwepo. Kwa nini nitafute rangi?"

Akamwambia aje bila kujipaka chochote.

Asubuhi ya ndoa Oliva alifika Ruhuwiko na begi lake, akapita katikati ya wanawake waliokuwa wanachambua mchele, na mchele ukanyamaza. Walimwitikia salamu kwa nusu mdomo. Akaingia chumbani kwa bibi harusi, akafunga mlango.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko ile ya tope. Kila alipoweka tabaka, mtoto alikumbuka jambo. Kamkumbuka nyanya yake. Subiri, futa, anza. Kamkumbuka paka. Oliva hakumkaripia. Aliketi akangoja kama bibi yake alivyoungoja ukuta, akimpepea kwa kifuniko cha sufuria, na machozi yakipungua anarudi na sponji, jembamba, tena jembamba. Alipomaliza akampeleka dirishani. Uso haukuonekana umepakwa. Ulionekana umelala vizuri, umeamka vizuri, haudaiwi na mtu. Lightness akajiona kwenye kioo, akalia. Machozi yakashuka juu ya msingi kama maji juu ya jani la yungiyungi, yakadondoka kwenye kidevu, wala hayakuacha njia.

Wakamtoa uani. Turubai lilikuwa limejaa mpaka kwenye ukuta wa jirani. Mbele upande mmoja walikaa watu wa Namtumbo waliokuja kumchukua bibi harusi, na mshenga wao, mzee Ignas, mwembamba, vidole vya kahawia kwa tumbaku ya maisha yake yote. Gari lilikuwa linanguruma nje. Paroko alikuwa ametuma neno kwamba ana ndoa nyingine baada ya hii na hamngojei mtu.

Wanawake wakaimba. Walipofika kwenye njia ya kisimani Lightness alifunguka. Kulia kule, wanasema waliokuwepo, kulikuwa kulia kwa kutosha makabila mawili. Mkeka ulilowa. Vifaranga wa Fulgence walikuja wakanywa. Mama yake alilia, mashangazi wadogo walilia, dereva wa gari alizima injini akaja kusimama kwenye lango na leso yake.

Walburga akapiga magoti. Akafuta shavu la kulia, la kushoto, na chini ya macho. Akasimama, akakiinua kitambaa juu kwa mikono miwili.

Kilikuwa cheupe.

Mnong'ono ukaanzia nyuma, kule mwisho wa turubai, ukaja mbele kama moto wa nyasi. Hakulia. Hakulia huyu. Na Lightness pale mkekani anatikisika mabega kwa kwikwi, kila mtu anamwona kwa macho yake mawili, na kila mtu anasema hakulia. Walburga akapiga magoti tena, akafuta kwa nguvu, akakandamiza mpaka kichwa cha mtoto kikarudi nyuma. Akainua. Cheupe.

Mzee Ignas akamuuliza aliyekaa jirani yake kuna nini. Akaambiwa binti hakulia. Akasema mbona analia. Akaambiwa kitambaa ndicho kinachojua. Mzee akafikicha macho yake, akaona labda ndiyo mambo ya ugenini.

Fulgence alimfuata Oliva pembeni ya nyumba, jasho likimtoka kwenye suti ya kuazima. Alikuwa kaka mwema, Fulgence, siku zote, mradi watu wasimtazame. Akamshika mkono. Akamwomba kwa sauti ya chini: kwenye begi lako kuna chupa. Gusisha kidole tu. Mimi nitamwita Walburga huku kama nina neno naye, akikiweka chini wewe kipake, hakuna atakayeona, mtoto atoke, padri hangoji mtu.

Oliva aliweka mkono kwenye begi. Chupa ilikuwa pale juu. Tone moja tu, na mtoto amepona.

Akatoa mkono.

"Kaka, nikikitia rangi kile kitambaa, nimekubali kwamba siku zote kilikuwa kinasema kweli."

"Oliva, mtoto anaaibika."

"Mtoto kalowesha mkeka. Wenye aibu ni nyinyi mnaotazama juu."

Akampita. Akaenda katikati ya uani kwa zile hatua zake fupi za mlima shamba, akasimama mbele ya Walburga, akanyoosha mkono akachukua kitambaa. Hakukipokonya. Alikichukua kama mtu anavyochukua kitu chake kilichokuwa kimeazimwa, na Walburga, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumchukulia kitambaa mkononi, akajikuta amekiachia.

Oliva akakikunja mara moja, akakishika kwa mikono yake ile mikubwa ya kupukuchulia mahindi, akakikamua.

Maji yakatoka. Kwanza matone, kisha mchirizi, yakapiga vumbi la uani mbele ya miguu ya Walburga pakawa tope. Wako wanaosema kijito kilishuka mpaka barabarani na bodaboda zikapunguza mwendo. Hilo waachieni wenyewe. Lakini tope lilikuwepo, na mtu wa mwisho wa turubai alipanda juu ya kiti akaliona.

"Machozi yalipata rangi lini?" Oliva aliuliza. Hakuwa anamuuliza Walburga peke yake. "Nani kati yenu analia kahawia? Na ajitokeze, nimpeleke hospitali."

Mwanamke mmoja alicheka, akaziba mdomo. Walburga alikuwa anatazama tope karibu na vidole vyake.

"Hilo ni jasho," alisema.

Hapo mzee Ignas akasimama. Alikuja polepole, akachukua kitambaa kilichokamuliwa, akakipapasa kati ya vidole vyake vya tumbaku, akakinusa.

"Jamani, sisi tunakausha tumbaku," alisema. "Kazi yetu yote ni kujua kilicholowa na kilichokauka, tukikosea hatuli. Hiki kimelowa. Kama ni jasho, basi tunaoa mchapakazi. Kama ni machozi, tunaoa mtoto wa watu. Vyote tunachukua."

Vigelegele vikapasuka. Wanawake waliokuwa wamenyamaza na mchele wao wakamzunguka Oliva sasa, kila mmoja ana la kusema, na mmoja wao, wa umri wake, aliyekuwepo kwenye mkeka ule wa Mpitimbi, akamshika bega akamwambia kwa huruma ya kweli kwamba kumbe kitambaa kinaweza kukosea, labda basi na yeye siku ile alilia, ila hawakuona.

Ulikuwa mlango umefunguliwa. Angeingia tu, jina lingemtoka palepale, mbele ya ukoo mzima na watu wa Namtumbo.

"Hapana," Oliva akasema, na akasema kwa sauti ya kufika mwisho wa turubai. "Changu kilikuwa kikavu. Sikulia. Nilikuwa nacheka moyoni, nilikuwa nampenda mtu wangu. Na mkinirudisha mkekani leo, sitalia tena. Edmund aliondoka kwa miguu yake, hakuondoka na kitambaa."

Gari lilikuwa linapiga honi. Lightness akavuka kizingiti. Alilia mpaka kanisani, alilia wakati wa viapo hata paroko akamuuliza kama amelazimishwa, alilia kwenye keki, na picha ya jioni ukiiweka na ya asubuhi huwezi kusema ipi ni ipi, ila kwa macho, ambayo yalikuwa mekundu kama ya mvuvi wa usiku. Hayo Oliva alishasema: msingi ni wake, macho ni ya mwenyewe.

Kitambaa kilibaki kwa mzee Ignas, naye akamrudishia Oliva akidhani ndiye mwenyewe. Oliva alikitia begini akaondoka nacho Majengo. Walburga alituma mtu akidai. Oliva akajibu kwamba aje akichukue, akimkuta hajakimaliza. Maana alikuwa amekikata vipande vipande, na vipande vinaning'inia kwenye msumari karibu na kioo, ndivyo anavyofutia brashi. Mpaka leo vipo. Sasa ndiyo vimejaa rangi, kahawia za kila aina, na wateja wakiuliza anawaambia kwamba hayo ni machozi ya brashi.

Juzi kaingia mteja kutoka Mpitimbi, akakaa kwenye kiti cha kuku, na habari ikamtoka kabla hajafumba macho. Walburga kanunua kitambaa kingine. Kizuri, kizito, na safari hii kakitafuta mwenyewe dukani mpaka akakipata: kitambaa ambacho tayari ni cha rangi ya kahawia.

Oliva alicheka mpaka mteja akamwomba aweke brashi chini kwanza. Akajifuta macho kwa mgongo wa kiganja, pale anapochanganyia rangi, akajiacha na doa shavuni, wala hakulitoa.

"Mpe salamu zangu," alisema, akachukua sponji. "Mwambie bibi harusi mwingine wa ukoo wetu ameshakuja hapa kuweka nafasi. Na huyo hatacheka moyoni kama mimi. Huyo atacheka mdomo wazi, mkekani, na msingi hautapasuka. Haya, funga mdomo, tunausubiri uso."